Nesi wa emajensi nataka kuingia tiba ya majanga: masta, kozi fupi au niende tu fildi?

nesi_wa_zamu

Habari za humu wakuu. Naombeni ushauri ila msinicheke. Mimi ni nesi, mwaka wa sita sasa niko emajensi, na siku zote nilikuwa najiona niko fiti, kuweka laini, kufufua mgonjwa, kumsaidia daktari kuweka mpira wa kifua, hayo yote nafanya hata nikiwa na usingizi. Sasa miezi miwili iliyopita basi likapinduka, tukaletewa majeruhi 23 kwa mkupuo, wengine kwa ambulensi wengine nyuma ya pikapu, na zamu tulikuwa manesi wanne na daktari mmoja. Nikamkimbilia kijana aliyekuwa anapiga kelele, mguu umevunjika mfupa uko nje, nikakaa naye, nikamfunga, nikaweka dripu, nikamchoma sindano ya maumivu, ikafika kama dakika ishirini. Pembeni ukutani kulikuwa na mama amekaa chini ameshika tumbo, kimya, wala hakuniita. Nakuja kugeuka naona midomo imepauka na jasho la baridi linamtoka. Bandama lilikuwa limepasuka. Alipelekwa thieta akapona, namshukuru Mungu, lakini ile picha yake pale ukutani hainitoki kichwani.

Tangu siku hiyo nasoma soma mambo ya tiba ya majanga na misaada ya kibinadamu na nimejikuta nataka kwenda huko kabisa, mafuriko, matetemeko, kambi za wakimbizi. Swali langu: nikope nikasome masta, au nikusanye kozi fupi fupi, au niombe tu kazi kwenye mashirika nikajifunzie hukohuko? Wanaojua mninyooshe.

kandambili_za_fildi

Mdogo wangu, ulichofanya siku ile ndicho anachofanya karibu kila mtu asiyefundishwa kazi ya watu wengi kwa pamoja, kelele inavuta mikono. Mimi ni nesi pia, nimezunguka miaka kumi na kidogo, na nikikutana na watu wapya huwa nawaambia anayepiga kelele njia yake ya hewa iko wazi, nenda kamtafute aliyenyamaza.

Kwenye triaji ya majanga, yaani kuwapanga majeruhi nani atibiwe kwanza, kuna mfumo wa START, ulitengenezwa California mwaka 1983, ni wa kizamani na una wakosoaji wake ila kwa kuanzia haujambo. Kwanza unapaza sauti, anayeweza kutembea aje upande huu, hao wote kijani, yaani wanaweza kusubiri, na wewe hujamgusa mtu bado. Unabaki na waliolala. Hapumui? Fungua njia ya hewa, akipumua ni nyekundu, yaani wa kutibiwa kwanza, asipopumua ni nyeusi, huyo ameshakwenda, na unaondoka. Anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, nyekundu. Mapigo ya kifundo cha mkono hayapo au ukibonyeza ukucha rangi inachukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, nyekundu. Mwambie akubane mkono, asipoelewa, nyekundu. Vyote viko sawa ila hawezi kutembea, njano, anafuata baada ya nyekundu. Kila mtu chini ya dakika moja, na unaruhusiwa kutibu vitu viwili tu, kufungua njia ya hewa na kuzuia damu inayomwagika. Yule mama wako hapo angejulikana kwenye dakika ya pili ya tatu hivi, na yule kijana wa mguu ungemfunga damu ukampita.

Sasa ukisoma hivi unaona rahisi, na kweli darasani ni asubuhi moja tu. Ugumu ni mikono kukubali. Mafunzo yangu ya kwanza walituletea wanafunzi wamepakwa damu ya rangi, mmoja kaambiwa yeye hapumui, nikafungua njia ya hewa, hamna, nikatakiwa nimfunge kitambaa cheusi niende. Nilishindwa. Nilikaa pale nabonyeza kifua cha binti mzima kabisa anayejizuia kucheka, na nyuma yangu mkufunzi anahesabu kwa sauti, umepoteza mmoja, umepoteza wawili. Nilitoka pale nimekasirika na sikuongea na mtu. Lakini ile hasira ndiyo ilikuja kunisaidia baadae siku ya kweli.

Kwa hiyo jibu langu, masta isubiri. Anza na drili, yaani zoezi la kuigiza janga, tena hapohapo kazini kwako.

dr_mkasi

Nakubaliana na kandambili lakini niongezee upande wa upasuaji maana madaktari ndio tunaoharibu zaidi, tusifichane.

Tetemeko la Haiti, 12 Januari 2010. Zilimiminika timu za matibabu kutoka kila pembe ya dunia, nyingine nzuri sana nyingine watu wamekutana tu uwanja wa ndege, hawana kibali hawana kumbukumbu za wagonjwa, wanakata miguu halafu baada ya wiki mbili wanarudi kwao na mgonjwa hana karatasi hata moja inayosema kafanywa nini, na mazoezi ya viungo na mguu bandia hakuna aliyevipanga. Ndio maana mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likatoa viwango, timu zikawekwa madaraja. Daraja la kwanza ni wagonjwa wa nje tu. Daraja la pili lazima uwe na vitanda visivyopungua 20 na uweze kufanya angalau operesheni kubwa 7 au ndogo 15 kwa siku. La tatu ni kubwa zaidi, na ICU juu. Na wote uje na hema lako, chakula chako, maji yako, usije kugombania mafuta ya jenereta na hospitali ya wenyeji iliyobaki imesimama.

Sasa kwenye mafunzo yenyewe, kitu kigumu kuliko vyote kumfundisha daktari wa hospitali kubwa ni kuacha kidonda wazi. Nasema kweli. Kidonda cha kifusi au cha risasi, unaosha, unakata nyama iliyokufa, unaweka bandeji nene kavu, unamwacha siku nne mpaka tano, ndipo unafungua na kikiwa kisafi unashona. Kila mtu anajua hii kwenye mtihani. Akifika fildi anaona kidonda kimependeza baada ya kuosha anakishona fasta ili mgonjwa aende. Siku ya tatu kimevimba kama mpira, usaha, na sasa unakata juu zaidi ya pale ambapo ungekata mwanzo. Mimi mwenyewe nimeshona cha namna hiyo, mara moja. Mzee wa watu alikuwa na kidonda cha paja cha kiganja kimoja, nikaona aibu kumwacha wazi. Sitaendelea na hii stori.

Kingine ni aliyebanwa na kifusi masaa mengi. Huku kwetu tumezoea mgonjwa akitolewa ndio tiba inaanza. Huyu ukimnyanyulia nguzo kabla hujampa maji ya mshipa, potasiamu iliyojaa kwenye misuli iliyopondwa inarudi kwenye damu yote kwa pamoja na moyo unasimama mbele yako, mtu alikuwa anaongea na wewe dakika moja nyuma. Dripu inaanza akiwa bado yuko chini ya kifusi, na iwe chumvi ya kawaida, sio dripu ya Ringa, Ringa ina potasiamu ndani yake. Akinusurika hapo ujue bado figo, ndio maana baada ya tetemeko la Armenia la 1988 wataalamu wa figo walianzisha kikosi chao cha majanga kabisa.

mzee_wa_takwimu

Mmeongelea damu na mifupa kama kawaida ya watu wa emajensi 😀 Naomba niwakumbushe kwamba janga likishapita wiki ya kwanza, na hasa watu wakishahamishwa wakarundikwa kambini, kinachoua sio majeraha tena. Ni surua, kuhara, nimonia, malaria, na utapiamlo unaovisukuma vyote hivyo. Nesi wa emajensi anafika na mkasi mfukoni anakuta kazi inayomsubiri ni kuhesabu vyoo.

Goma, Kongo, 1994, wakimbizi kutoka Rwanda. Ndani ya wiki chache walikufa watu makumi ya maelfu, wengi kwa kipindupindu na baadae kuhara damu. Kinachoniuma ni kwamba walioenda kuchunguza baadae waligundua wahudumu walikuwepo na dripu zilikuwepo, lakini wengi hawakuwa na uzoefu wa kipindupindu, maji yaliingizwa polepole mno, ya kunywa hayakutumika ya kutosha, na dripu nyingine hazikuwa za aina inayofaa. Yaani watu walikufa wakiwa mikononi mwa watu wenye vyeti. Ukiniuliza tiba ya majanga inafundishwa kwa sababu gani nitakutajia hiyo.

Chukua mtu mzima wa kilo 50, amekauka kabisa, mapigo huyasikii. Anatakiwa mililita 100 kwa kilo, maana yake lita tano. Lita moja na nusu ya kwanza iingie ndani ya nusu saa, tatu na nusu zilizobaki ndani ya masaa mawili na nusu. Nesi aliyezoea kuweka dripu ya masaa nane mkono unatetemeka, ataona anamzamisha mtu. Inabidi awe ameshafanya mara kadhaa akiwa na mtu pembeni anayemwambia fungua zaidi, fungua zaidi. Kitanda chenyewe kina tundu katikati na ndoo chini yenye mistari, unasoma ndoo imejaa kiasi gani ndio unajua urudishe kiasi gani. Hamna mashine hapo.

Halafu namba za kuziweka kichwani. Maji lita 15 kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu wasiozidi 20, hizo ziko kwenye mwongozo wa Sphere wa viwango vya misaada ya kibinadamu, nao ulianza 1997 na Goma ni mojawapo ya sababu zake. Vifo: kikifika kimoja kwa watu 10,000 kwa siku hiyo ni dharura. Kambi ya watu 20,000 ikizika wawili kila siku unaweza usishtuke, wawili tu, kumbe ushafika kwenye mstari mwekundu. Na usitegemee daftari la zahanati, wengi wanafia kwenye mahema. Tuma mtu ahesabu makaburi mapya kila asubuhi.

Kwa hiyo mimi nasema masta ya afya ya jamii ina maana yake. Sio lazima ianze, lakini bila epidemiolojia kidogo, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyosambaa kwenye watu, utabaki kufunga bandeji maisha yako yote.

mchokozi_04

Mimi naona mnampamba dada wa watu. Mafunzo mengi ya majanga niliyoyaona ni siku tano hotelini, slaidi 90 kwa siku, picha ya pamoja, sertifiketi yenye nembo sita, posho. Mwaka mmoja baadae likatokea la kweli na hakuna hata mmoja aliyejua simu ya kwanza inapigwa kwa nani. Sisemi wapi.

kandambili_za_fildi

@mchokozi_04 sikukatalii hata kidogo, nimekaa kwenye hizo slaidi. Ndio maana nasema drili, na sio drili ya kuvaa fulana mpya wageni rasmi wakikaa chini ya hema na mzungumzaji akitangaza "sasa majeruhi wanawasili". Ile ni maigizo ya shule. Drili yenye faida ni ile ya saa nane usiku ambayo haikutangazwa, zamu ikiwa na watu wachache.

Tulifanya moja hivyo, wagonjwa wa kuigiza 30. Vitambulisho vya rangi vya triaji vilikuwepo, vipya kabisa, ndani ya boksi, boksi ndani ya kabati, kabati limefungwa, ufunguo uko na mtu aliye likizo. Tukaandika rangi kwenye mapaji ya nyuso kwa kalamu ya wino. Halafu kuna mwanafunzi mmoja alikuwa njano, akaachwa sakafuni muda mrefu akachoka, akainuka akaenda kukaa nje kivulini na simu yake. Ilipita nusu saa hakuna aliyegundua hayupo. Tukacheka wee mpaka mkufunzi akauliza, na kama angekuwa amebadilika akawa nyekundu? Maana yake hakuna aliyerudi kumpima mara ya pili. Triaji watu wanaifanya mara moja wanadhani imeisha, kumbe unatakiwa urudi na urudi tena. Haya mawili, ufunguo na yule kijana wa kivulini, nimeyajifunza kwa usiku mmoja na hayapo kwenye slaidi yoyote.

mkunga_mkongwe

Naona hamjataja wajawazito hata mara moja. Tetemeko halisimamishi uchungu wa kuzaa. Kati ya wajawazito 100 kama 15 hivi watapata tatizo linalohitaji msaada wa haraka, iwe amani iwe vita, na kambini wanazaa palepale. Wengi wanaokuja na hospitali za hema wanaleta vifaa vya mifupa vya kutisha halafu hawana oksitosini ya kuzuia damu baada ya kuzaa wala kifaa cha kumsaidia mtoto kupumua. Dada nesi, kama hujashika wodi ya uzazi muda mrefu, omba zamu huko miezi mitatu kabla hujaomba kazi kwenye shirika lolote. Hii itakusaidia kuliko nusu ya kozi zilizotajwa hapo juu. Na ujue pia jinsi ya kumpokea aliyebakwa, dawa za kuzuia VVU zina masaa 72 tu, na asiandikwe jina lake kwenye daftari linalosomwa na kila mtu.

nesi_wa_zamu

Asanteni sana wakuu, sikutegemea. Nina mawili ya nyongeza. Moja, kozi zipi ni za kweli, maana nikitafuta naona matangazo mia. Mbili, na kichwa chenyewe? Mimi mgonjwa mmoja tu aliyekaa kimya kanitesa miezi miwili, je nikikutana na mia?

mzee_wa_takwimu

Kozi: Msalaba Mwekundu wa Kimataifa (ICRC) wana kozi yao inaitwa HELP, ipo tangu 1986, ni ya afya kwenye umati mkubwa wa watu, nzuri sana ila inafaa ukishakuwa na uzoefu kidogo. Shirika la Afya Duniani wana kozi za bure mtandaoni, kipindupindu, Ebola, kuvaa na kuvua mavazi ya kinga, anza na hizo leo hujalipa kitu. Liverpool na London kwenye vyuo vya magonjwa ya kitropiki kuna diploma za manesi, ni miezi sio miaka. Masta ipo ile ya Ulaya inayoendeshwa na vyuo vya Novara na Brussels, lakini hiyo ifuate baadae ukishajua unataka kusimamia nini. Na MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) mara nyingi wanataka angalau miaka miwili ya kazi, wewe unayo sita. Lugha ya pili itakubeba, Kifaransa au Kiarabu, kuliko cheti cha tano.

Kwenye mavazi ya kinga mtu asikudanganye, kuvaa ni rahisi. Wahudumu wengi waliambukizwa Ebola Afrika Magharibi 2014 mpaka 2016, na kuvua ni moja ya sehemu za hatari kabisa, umechoka, miwani imejaa ukungu, jasho linaingia machoni na mkono unataka kujifuta uso. Unavua polepole kwa kuamriwa na mwenzako anayekusomea hatua moja moja, unanawa kwa klorini kila hatua. Klorini yenyewe ujue kuichanganya, dawa ya asilimia 5 ukitaka 0.5 ni sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji. Nimekuta mtu mwenye shahada anakadiria kwa macho.

dr_mkasi

La kichwa nitakujibu mimi. Zamani ilikuwa ukitoka kwenye tukio mnakalishwa kwenye duara mnalazimishwa kila mmoja aseme alichoona, siku hiyohiyo. Hiyo haishauriwi tena, haisaidii na wengine inawaumiza. Kinachofundishwa sasa ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011, maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani yuko hatarini na ana hitaji gani la haraka, sikiliza bila kumchokonoa, muunganishe na ndugu zake au na huduma. Ni kwa ajili ya waathirika lakini inawahusu na wenzako wa zamu, na kumpa mtu blanketi na chaja ya simu ampigie mama yake mara nyingi kunafanya kazi zaidi ya maswali.

Kuhusu wewe na yule mama. Ulishamwona tena baada ya kupona?

nesi_wa_zamu

Hapana daktari. Aliruhusiwa nikiwa off.

dr_mkasi

Faili lake lipo. Muombe daktari wenu, mkae mlipitie lote mpaka mwisho, saa aliyofika, saa uliyomgundua, saa aliyoingia thieta. Sio kwa kutafutana lawama. Nakuhakikishia kichwani kwako ule muda ni mrefu kuliko ulivyo kwenye karatasi.

mchokozi_04

Haya daktari kanimaliza, najiondoa. Dada fanya hiyo drili, ila usiwaambie wakubwa tarehe, watanunua fulana.

nesi_wa_zamu

😂😂 Sawa wakuu. Nimefungua akaunti ya hizo kozi za bure, naanza na ya kipindupindu. Kesho naongea na matroni kuhusu wodi ya uzazi na kuhusu drili ya usiku, nitaomba wanafunzi kumi tu kwanza. Vitambulisho vya rangi hatuna kabisa.

kandambili_za_fildi

Kata vitambaa vya rangi nne, vipana vya kufunga mkononi, 30 kila rangi, kijani ongeza. Weka kwenye mfuko, mfuko uning'inie ukutani pale mlango wa emajensi mahali hata mfagizi anapaona. Usiweke kabatini.

nesi_wa_zamu

Sawa dada. Nitaleta mrejesho.